Wastaafu wageni waacha matela ya kulala, wahamia magari-nyumba: Genkuru iuze nini?

WAFANYABIASHARA wadogo wa Genkuru na vijiji jirani vya Nyamongo wanaofikiria kuweka akiba zao katika kambi za watalii kando ya barabara ya Tarime hadi Mugumu wanashauriwa kutazama kwanza aina ya gari linaloingia Sirari, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Huko anakotoka mteja wanayemtarajia, soko la nyumba za magurudumu limegeuka. Aliyekuwa akiifunga nyumba yake nyuma ya gari na kuikokota sasa ananunua gari ambalo nyumba imo ndani yake. Mabadiliko hayo yanahamisha fedha kutoka mfuko mmoja wa mwenye kambi kwenda mwingine, na wengine hawataona hata senti.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuviona vyombo hivi, tela la kulala ni chumba cha magurudumu chenye vitanda, jiko na wakati mwingine choo, lakini hakina injini. Hufungwa kwenye ndoano ya gari dogo na kukokotwa. Gari-nyumba lina injini, usukani, kitanda na sufuria chini ya paa moja. Wanunuzi wakubwa wa vyombo vyote viwili katika nchi kama Ujerumani, Uholanzi na Uingereza ni watu waliostaafu au wanaokaribia kustaafu. Huyu ni mteja wa aina ya peke yake: hana haraka, hana watoto wa kuwahisha shule, na pensheni yake inaingia benki kila mwezi awe nyumbani kwake au awe Mugumu.

Tangu mgodi wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, biashara nyingi za Nyamongo zimejengwa kumhudumia mtu wa mshahara: nyumba za kupanga, mama lishe, maduka ya vipuri, baa. Mteja wa mgodi huja na mwisho wa mwezi. Mstaafu wa gari-nyumba huja na majira ya nyumbu, hukaa siku mbili, na haonekani tena. Hesabu ya mmoja haiwezi kutumika kwa mwingine, na hapo ndipo mtaji mdogo unapoweza kuzama.

Matela yalishapita Afrika Mashariki

Si jambo geni kabisa katika eneo letu. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kiwanda cha matela ya Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town, ukapita Afrika Mashariki na Ethiopia hadi kufika Cairo mwaka 1960. Miongoni mwa wasafiri walikuwamo wastaafu wengi. Safari ilifika, na picha za matela yale yanayong'aa mbele ya piramidi ziliuza bidhaa ya kiwanda kwa miaka mingi. Lakini njiani barabara ziliwanyanyasa: mashimo, matope na miinuko vilivunja springi na ndoano, na mafundi wa msafara hawakuwa na likizo.

Linalowahusu wafanyabiashara ni kwamba kiwanda hicho hicho, kilichojipatia jina kwa tela, kilianza kuuza gari-nyumba mwaka 1974 kwa jina la Argosy, na mwaka 1979 kikatoa gari-nyumba lenye jina lake chenyewe la Airstream. Kampuni ya Winnebago ilikuwa imekwisha kuanza kutengeneza magari-nyumba kwa wingi tangu 1966. Muuza matela mashuhuri alipoona mteja anahama, alimfuata.

Takwimu kutoka Ujerumani zinaonyesha kasi ya uhamiaji huo. Mwaka 2020 nchi hiyo ilisajili magari-nyumba mapya zaidi ya 78,000, wakati matela mapya ya kulala hayakufika 30,000. Msomaji atakayesikia habari za Marekani atakuta picha tofauti: mwaka 2021 viwanda vya huko vilipeleka sokoni vyombo takriban 600,000, na karibu tisa katika kila kumi vilikuwa vya kukokotwa. Asibabaike. Mmarekani anakokota tela kwa pikapu kubwa kwenye barabara pana za kwao, na tela hilo haliji Sirari. Anayekuja na chombo chake mwenyewe hadi huku kwa kawaida ni Mzungu wa Ulaya au wa Afrika Kusini, na ni soko la Ulaya tunalopaswa kulifuatilia. Wa Afrika Kusini bado wanapenda tela la njia mbovu, hivyo tela halitatoweka kabisa.

Kwa nini wanaacha tela

Sababu ya kwanza ni umri. Kufunga na kufungua tela ni kazi ya mgongo na magoti: kuinama, kuzungusha jeki, kusukuma, kuunganisha nyaya za taa. Kulirudisha nyuma tela katika uwanja mwembamba ni kazi inayowashinda hata madereva wa malori wenye umri mdogo. Mtu wa miaka 68 huifanya akiwa na nguvu zake, lakini jioni ya mvua huitamani injini iliyo chini ya kitanda.

Ya pili ni sheria za kwao. Ujerumani gari lenye tela kwa kawaida haliruhusiwi kuzidi kilometa 80 kwa saa, au 100 likiwa na kibali maalumu, wakati gari-nyumba lisilozidi kilo 3,500 halibanwi na kikomo hicho. Uingereza aliyefaulu mtihani wa udereva kabla ya 1997 anaweza kuendesha gari la hadi kilo 7,500, lakini akitimiza miaka 70 haki hiyo hukoma asipopimwa afya na kuomba upya. Matokeo yake ni kwamba wazee wengi hung'ang'ania magari-nyumba yasiyozidi kilo 3,500. Chombo hicho, kikishabeba vitanda, jiko, friji na watu wawili, hubaki na nafasi ndogo sana ya mzigo. Lita 100 za maji ni kilo 100. Kwa hiyo mwenye gari hilo hawezi kubeba maji ya wiki wala chakula cha mwezi. Atanunua kidogo kidogo njiani. Mwenye duka aliweke hilo akilini.

Ya tatu ni njia zetu wenyewe. Tela huwa chini na mkia wake hukwaruza kila tuta, na wapitao kati ya Sirari na Tarime wanajua matuta yalivyo. Katika udongo mweusi wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, gari lililokwama na tela nyuma yake lina matatizo mawili badala ya moja. Aidha, tela husajiliwa kwa namba yake na huongeza karatasi katika kila mpaka. Ndiyo maana wasafiri wa masafa marefu waliacha kukokota mapema kuliko wenzao. Mjerumani Gunther Holtorf, aliyekuwa meneja katika shirika la ndege la Hapag-Lloyd, aliacha kazi akazunguka dunia kwa gari moja la Mercedes kuanzia Afrika mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2014, karibu kilometa 900,000, akilala humo humo ndani.

Mkulima wa Genkuru mwenye maksai na mkokoteni atauliza swali ambalo wauzaji wa Ulaya hawalipendi. Ekseli ya mkokoteni ikivunjika, maksai bado wanalima. Je, injini ya gari-nyumba ikifa? Jibu ni kwamba nyumba inakwenda gereji pamoja na injini. Mwenye tela huliacha kambini, akachukua gari kwenda sokoni, hospitali au mbugani. Mwenye gari-nyumba akitaka mkate, hana budi kukunja meza, kufunga makabati na kuendesha nyumba nzima hadi dukani. Udhaifu huo ndio bidhaa ya Genkuru.

Mlango wa Sirari

Kabla ya kuhesabu faida ni lazima tujue mgeni huyo apite Nyamongo kwa sababu gani. Mbuga ya Masai Mara ya Kenya na Hifadhi ya Serengeti zimepakana, na nyumbu huvuka bila pasipoti. Watalii hawawezi. Njia ya Bologonja, kati ya hifadhi hizo mbili, ilifungwa kwa watalii mwaka 1977 na haijafunguliwa. Anayetoka Masai Mara kwa gari lake na kutaka Serengeti bila kurudi Nairobi na Namanga, anazunguka kupitia Migori, Isebania na Sirari. Kila gari la namna hiyo linakanyaga ardhi ya Tarime, apende asipende.

Kutoka Tarime ana njia mbili. Moja ni lami kupitia daraja la Kirumi na Bunda hadi lango la Ndabaka, upande wa ziwa. Nyingine ni kupitia Nyamwaga na Nyamongo, kuvuka Mto Mara na kuingia Wilaya ya Serengeti hadi Mugumu, kisha lango la Ikoma. Njia hii ya pili, ambayo hadi Mugumu ni kama kilometa 87, imekuwa ikijengwa kwa lami kwa vipande. Kila kipande kinachokamilika kinavuta magari mepesi zaidi, yale ya kilo 3,500 ambayo bila lami yangechagua Bunda. Magari mazito, yaliyojengwa juu ya malori ya zamani ya kijeshi na yenye magurudumu marefu, hayakuwa yakingojea lami.

Msimu nao unajulikana. Nyumbu huwa kaskazini mwa hifadhi, maeneo ya Kogatende na Lamai, takriban Julai hadi Oktoba. Nje ya miezi hiyo anayejenga kwa ajili ya wageni hawa peke yao atakuwa analipa mlinzi wa uwanja mtupu.

Wanachohitaji na wasichohitaji

Kosa la kawaida la mwenye kambi mpya ni kuiga kambi za matela: uwanja mrefu wa kuegesha gari na tela kwa mstari, nguzo za umeme kwa kila nafasi, na vyumba vingi vya kulala. Gari-nyumba la sasa lina betri na paneli za jua juu ya paa. Umeme wa TANESCO kwa kila nafasi hauhitajiki. Soketi mbili tatu karibu na mapokezi zinatosha. Vyumba vingi havihitajiki, ila viwili safi vinahitajika, kwa sababu ile tuliyoitaja: nyumba ya mgeni ikiwa gereji, mgeni naye anatafuta pa kulala.

Maji safi ya bomba yenye presha ndiyo bidhaa ya kwanza. Bidhaa ya pili ni mahali pa kumwagia choo. Choo cha gari-nyumba ni kasha linalochomolewa, na baadhi ya wageni huweka humo dawa kali inayoua vijidudu vinavyofanya kazi katika shimo la maji taka. Shimo la kasha lisiunganishwe na lile la nyumba. Gharama yake ni ndogo, na mgeni aliyekaa siku tatu bila kupata pa kumwagia atalipa bila kujadili bei.

Bidhaa ya tatu ni fundi. Injini mpya za Ulaya zimetengenezwa kwa dizeli yenye salfa ndogo kuliko hii tuliyonayo; Afrika Mashariki ilihamia kiwango cha sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, wakati injini hizo zinataka 10, na nyingi hudai pia maji ya AdBlue kwenye tangi lake la pembeni. Yakikosekana, gari hugoma kuwaka. Mwenye duka la vipuri Nyamongo, aliyezoea magari ya wakandarasi, yuko karibu na biashara hii kuliko anavyodhani. Chujio la dizeli, madumu machache ya AdBlue na kuziba pancha ya tairi kubwa havihitaji kambi wala mkopo.

Bidhaa ya nne, yenye fedha nyingi zaidi, ni gari la kumwingiza mgeni hifadhini. Ada za hifadhi kwa magari hupangwa kwa uzito, na gari la namba za kigeni hulipa kwa dola kiasi ambacho ni mara nyingi zaidi ya lile lililosajiliwa Tanzania. Mwenye lori-nyumba la tani nane akiisoma orodha ya bei langoni, mara nyingi huona ni nafuu kuiacha nyumba nje na kukodi Land Cruiser ya hapa kwa siku moja. Ndiyo faida ambayo mwenye tela hakuwa nayo haja. Yeye aliliacha tela kambini akaingia na gari lake dogo.

Hata hivyo biashara hiyo ina mlinzi. Kumbeba mtalii kwa malipo kunahitaji leseni ya biashara ya utalii, ile inayojulikana kwa jina la TALA, na kambi nayo ina leseni yake. Kumpa mgeni Noah ya shemeji ni njia ya kukamatwa langoni na kupoteza mteja na gari siku moja. Kwa mtaji mdogo, njia inayowezekana ni kukubaliana kamisheni na mwenye leseni aliyepo Mugumu.

Hesabu ya mfano

Tufanye hesabu kwa tarakimu za mfano tu, ambazo kila mmoja abadilishe kulingana na bei zake. Kambi inatoza sh. 20,000 kwa mtu kwa usiku. Wazee wawili wenye tela wakifungua ndoano, hukaa usiku tano kwa kuwa kufunga tena ni adha: sh. 200,000. Wazee wawili wenye gari-nyumba hukaa usiku mbili, maana kuondoka kwao ni kugeuza ufunguo: sh. 80,000. Wakikodi gari la siku kwa sh. 500,000 na mwenye kambi akapata kamisheni ya asilimia 10, anaongeza sh. 50,000. Maji, kufuliwa nguo, mboga, mayai na kasha la choo tuseme sh. 30,000. Jumla ni sh. 160,000.

Yaani mteja mpya, pamoja na kila huduma, bado ana thamani ndogo kuliko yule wa zamani. Wanaouza michoro ya kambi hawasemi hivyo. Anayekopa benki kwa kudhani gari-nyumba ni kubwa hivyo lina fedha kubwa atarejesha mkopo kwa ng'ombe. Nafuu ni kwamba gharama za kumhudumia ni ndogo pia: hana haja ya nguzo za umeme wala uwanja mrefu, na nusu eka inaweza kupokea magari matano yakageuka bila kurudi nyuma.

Geti ndilo lisiloruhusu ubahili. Gari-nyumba la lori huweza kuzidi mita tatu na nusu kwenda juu. Geti lenye boriti juu yake, au waya wa umeme uliolegea mlangoni, vitamfanya dereva aendelee na safari bila hata kushuka.

Na mstaafu wa hapa?

Baadhi ya wasomaji wameanza kupiga hesabu nyingine: kununua gari-nyumba lililotumika kutoka Japan, au kununua Hiace na kulifunga vitanda, kisha kulikodisha kwa wageni baada ya kustaafu. Fedha inayofikiriwa ni mkupuo wa pensheni. Mkupuo huo kwa wanachama wa mifuko uliwekwa asilimia 33 kuanzia Julai 2022, na katika bajeti ya mwaka 2024/25 serikali ikatangaza kuupandisha kuwa asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50 zamani na asilimia 35 kwa lile lililokuwa likipata 25. Ni fedha inayotoka mara moja tu. Inayobaki huja kidogo kidogo kila mwezi.

Juu ya bei ya Japan huongezwa usafiri, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 18, na ushuru wa uchakavu kwa gari lililozeeka, na magari-nyumba ya bei rahisi karibu yote yamezeeka. Kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA kipo wazi kwa kila mtu na kitumike kabla ya kutuma hata dola moja. Likifika, chombo hicho kikizidi tani 3.5 kitapita mizani chini ya sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, inayotumika nchini tangu Machi 2019. Kisha kitakaa uani kuanzia Novemba hadi Juni, kwa sababu hakuna mtu wa Nyamongo anayekodi gari-nyumba kwenda mnadani.

Kwa hiyo maoni ya ukurasa huu kwa mstaafu wa Tarime ni kinyume cha wanavyofanya wenzake wa Ulaya. Kama ni lazima aingie biashara hii kwa chombo, anunue pikapu nzima yenye ndoano, na tela jepesi alitengeneze kwa mchomeleaji wa Tarime mjini, akilisajili kama inavyotakiwa. Julai hadi Oktoba tela libebe mahema, maji na magodoro ya wageni hadi Mugumu. Miezi mingine pikapu ibebe saruji, mahindi na mizigo ya maduka, na tela lingoje chini ya mwembe bila kula dizeli.